Siku Kumi na Tatu za Kulala Nilizonyimwa

Nyumba Nambari 14,
Lokesheni ya Bondeni,
Nakuru.
Tarehe 9 Septemba 1958.

Kwa Bwana Daktari Hallam,
Mkuu wa Wodi ya Upasuaji,
Hospitali ya Misheni, Mlimani.

Bwana Daktari,

Baada ya kukusalimu kwa heshima zako zote, nakujulisha kwamba mimi ni Zakaria Masinde, mpakizi wa magunia katika ghala la mahindi, yule uliyempasua ngiri ya upande wa kulia Jumatatu tarehe kumi na nne Aprili. Kama umenisahau kwa sura, utanikumbuka kwa kovu. Kovu lenyewe ni kazi safi na sina neno nalo. Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa uliwahi kutuambia kwamba unakisoma vizuri kuliko unavyokisema, na wodi nzima ilikubaliana nawe.

Silalamiki kwamba nilipona vibaya. Ninalalamika kwamba nilipona upesi, tena hadharani, kabla watu wenye haki ya kuniona nikiugua hawajafika. Jambo hili limeniharibia jina Lokesheni, limenikosanisha na kanisa, na limenipotezea ndugu. Nimengoja miezi mitano nikidhani hasira itapoa. Mwezi uliopita ulipokuja kwenye ukumbi wa kanisa letu kutusomea matokeo ya utafiti wako, ukayaita habari njema, nilitoka pale moja kwa moja kwenda kununua karatasi hii.

Nayapanga malalamiko kwa nambari ili lolote lisipotee.

1. Nilikuwa nimejitayarisha. Mzee Khisa wa kanisa letu alipasuliwa ngiri mwaka wa 1949, akalala chali majuma matatu. Walimjia watu arobaini na mmoja; aliwaandika majina. Kabla ya hapo Khisa alikuwa mfagiaji wa kanisa tu. Alipotoka walimfanya mzee wa kanisa, maana mtu hawezi kuombewa na watu wote hao halafu akarudi kushika ufagio. Mimi nami, nilipoambiwa ngiri yangu itapasuliwa, nilifanya yanayompasa mwanamume. Nilinunua pajama ya mistari, ya kwanza tangu nizaliwe. Mke wangu Nasimiyu alifuma kitambaa cha kufunikia kikombe. Nikaandika barua kumi na moja kwa jamaa zangu wa Kimilili, Kitale na Turbo, kuwaarifu kwamba kuanzia tarehe kumi na nne nitakuwa nimelala, hali yangu ni mbaya, na waje kwa zamu wasisongamane. Sikusema uwongo. Nilikuwa nimeiandika habari mapema kidogo tu.

2. Mkebe wa biskuti. Jumapili jioni dresa wako Kiprugut, yule afungaye vidonda, alikuja na mkebe wa biskuti uliojaa bahasha. Akatueleza kwamba wewe unataka kujua lipi ni bora: mtu aliyepasuliwa alale siku kumi na nne kama ilivyo desturi, au ainuliwe kesho yake atembee. Kwa kuwa wewe hujui, na Mungu hajasema, kila mgonjwa atie mkono achukue bahasha moja. Tukaweka alama za vidole gumba kwenye karatasi ya kukubali, hata sisi tunaojua kuandika. Misheni imetukataza michezo ya bahati nasibu kwa siku zote saba za juma, na naomba ikumbukwe kwamba siku hiyo ilikuwa Jumapili.

Tulikuwa wagonjwa wawili, mimi na Mzee Omolo wa genge la reli kule Longonot, ambaye ngiri yake ilitokana na kubeba mataruma ya reli kama yangu ilivyotokana na magunia. Kwenye foleni nilikuwa mbele mimi. Lakini Omolo alinizidi miaka kumi, na mimi nimelelewa. Nikasogea kando, nikamwambia mkubwa atangulie. Akatia mkono akatoa bahasha iliyokuwa juu. Ikasema alale. Nami nikatoa iliyofuata, ikasema nitembee. Kwa hiyo bahasha ya kulala ilikuwa yangu, Bwana Daktari, na kilichoninyang'anya ni adabu. Sijui utafiti wako unaiweka wapi adabu.

Na Omolo mwenyewe hakuitaka. Alisema kulala mchana ni kazi ya watoto wachanga na paka, na kwamba genge lake lingemcheka mpaka Naivasha. Tukakubaliana kubadilishana, nami nikamwongezea ratili moja ya sukari ili moyo wake utulie. Sista akatuona. Akatuambia tukibadilishana tutaiharibu hesabu, akachukua bahasha, akachukua na sukari. Bahasha zilirudi kwa wenyewe. Sukari haikurudi.

3. Kuinuliwa kwenyewe. Kesho yake baada ya kupasuliwa, saa kumi na mbili kamili asubuhi, nikiwa nimeanza tu kuonja usingizi wa mgonjwa, Kiprugut alinifunua shuka. Mtu huyu alikuwa Burma na jeshi, na vita vile kwake havijaisha. Alinitia mkono kwapani akaniambia niinuke. Nilimweleza kwa utaratibu kwamba nimekatwa tumbo jana. Akanijibu kwamba kule Burma watu walitembea wakiwa wameshika matumbo yao mkononi. Safari ilikuwa kutoka kitandani mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, mara mbili siku ya kwanza, mara nne siku ya pili, na kuendelea. Nilikwenda nimejikunja kama mtu anayetafuta sindano. Nililia. Nasema wazi kwamba nililia, mimi mwenye watoto watano, na nilipotazama karatasi uliyompa Kiprugut ya kuandikia hali ya mgonjwa, nikaona ameandika: Ametembea. Hana neno.

Ndipo nilipoelewa kwa nini wagonjwa wanakuita Bwana Inuka.

4. Wageni walianza kufika Jumatano. Jaribu kufikiria hali yao. Mama Rebeka na kina mama wa sala wanne walipanda kutoka Bondeni katika vumbi la Nakuru linaloingia mpaka kwenye meno, wamebeba uji wa wimbi na mayai ya kuchemsha, wamejiandaa kwa wimbo wa mtu aliye ukingoni mwa mto wa mauti. Walipofika mlangoni wakaniuliza mgonjwa yuko wapi. Waliniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyewafungulia mlango.

Tunasema mgonjwa haulizwi uji. Lakini mtu aliyekufungulia mlango anaulizwa, na niliulizwa, kwa upole kabisa: je, Masinde, kweli unauhitaji, ama tumpe yule baba aliyelala? Uji ukaenda kwa Omolo, na mayai yakaufuata. Mama Rebeka akaukata ule wimbo baada ya ubeti wa kwanza, akaomba sala fupi ya kumshukuru Mungu kwa afya yangu njema, sala ambayo kwetu mtu huombewa akiwa na mafua.

Habari zilishuka Lokesheni kabla yangu. Wengine walisema Masinde hakupasuliwa, alikwenda kupumzika. Wengine walisema lilikuwa jipu. Imenibidi nifungue mkanda wa suruali mbele ya wanaume saba, kwa nyakati mbalimbali, mara moja nyuma ya posta, ili waone kovu. Wa saba alilitazama sana, akasema linaonekana la zamani. Mwezi wa Mei niliitwa mbele ya wazee wa kanisa kujibu kwa nini niliwaandikia watu kwamba hali yangu ni mbaya. Aliyeniuliza maswali ni Khisa.

5. Nambari hii ilihusu pajama. Mke wangu ameisoma na kuifuta.

6. Sasa mtazame Omolo. Alilala chali, blanketi limekunjwa kifuani, mikono juu ya blanketi, kama chifu anayesikiliza kesi. Kila aliyeingia wodini alimwendea yeye kwanza, hata wageni wangu, hata shemeji yangu ambaye hajui neno moja la Kijaluo. Aliletewa samaki wa Naivasha. Aliletewa mkate wa dukani. Mkewe, Anyango, alikaa chini kando ya kitanda akimpa habari za Longonot, nani amegombana na nani kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, mbuzi wa nani amekula bendera ya mnyapara. Nilipopita nikielekea kwenye tangi, Omolo alikuwa ananihesabia mizunguko kwa sauti ili wodi nzima isikie. Siku ya nne alinipa jina la Gari la Moshi, na mpaka ninatoka hakuna aliyeniita Masinde tena. Alikuwa mtu wa kuchekesha. Nilikuwa na hasira naye kila siku, na kila siku nilikuwa wa kwanza kumwamkia.

Siku ya nane ulinitoa, nikaenda nyumbani kwa miguu yangu. Siku ya tisa mguu wa kushoto wa Omolo ukavimba. Yaani mtu aliingia na ugonjwa mmoja akapewa wa pili bila kuuomba, na mimi sikupewa hata homa. Nilipokwenda kumwona siku ya kumi na moja nilikuta wageni tisa, mguu umepandishwa juu ya mito, na wewe mwenyewe umesimama pale umeinamisha kichwa. Mimi hukuniinamishia kichwa hata mara moja. Siku ya kumi na mbili si sehemu ya malalamiko haya, nami nitaipita.

7. Hili ndilo linaloniuma. Yote yaliyo juu unaweza kuyatupa ukabaki na hili.

Nina kaka mmoja, Wamalwa, mkubwa wangu kwa miaka sita. Baba yetu alipofariki mwaka wa 1952, ghala halikunipa ruhusa mpaka siku ya tatu. Nilipofika Kimilili udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kukauka. Wamalwa alinitazama, akasema mbele ya watu wote kwamba mtu aliyewaachia majirani koleo la kumzika baba yake asimsalimie tena. Sikumsalimia, naye hakunisalimia. Imekuwa miaka sita. Amepata watoto wawili ambao siwajui sura.

Katika ukoo wetu mtu aliyenuna ameachiwa njia moja tu ya kurudi bila kujishusha: mwenzake augue, alale. Hapo huja na kuku mzima mkononi, hukaa kwenye kigoda kando ya kitanda, huuliza, unaumwa wapi? Basi, yamekwisha. Hakuna anayeomba radhi, hakuna anayetaja kaburi. Mmoja amelala, mwingine amekaa, kuku amefungwa miguu chini ya kitanda. Lakini ni lazima mmoja awe amelala. Watu wawili waliosimama hawapatani. Hao bado wamo vitani.

Ile barua ya kumi na moja niliyoiandika ilikuwa ya Wamalwa. Nilikaa nayo siku nne kabla ya kuitia posta. Naye alikuja, Bwana Daktari. Alipanda treni Bungoma akashuka Nakuru Alhamisi asubuhi, kuku mweupe ndani ya kikapu, akapanda mlima kwa miguu mpaka hospitali. Ilikuwa yapata saa nne na nusu. Na saa nne na nusu mimi nilikuwa kwenye tangi la maji, mzunguko wa tano, nimevaa pajama yangu ya mistari, Kiprugut amenisimulia kisa cha nyumbu mmoja wa kubeba mizigo kule Burma aliyekula barua za jeshi, na nilikuwa nacheka.

Nilimwona langoni. Alinitazama usoni, halafu akaitazama miguu yangu. Nakiri kwamba niliwaza kujiangusha pale pale, lakini Kiprugut alikuwa amenishika kwapa na mtu yule haachii. Wamalwa akageuka na kikapu chake akaanza kushuka. Nikamfuata mpaka langoni nikimwita, na hapo ndipo nilipoongeza kosa, maana nilimfuata vizuri. Mlinzi aliniambia kwamba neno lake lilikuwa moja tu: huyu ameniita nije nimwone akicheka.

Kuku alirudi naye Bungoma.

8. Utafiti wenyewe. Ulipokuja ukumbini ulisimamisha ubao ukaandika kwa chaki: waliolala sitini, walioinuka sitini. Waliovimba mguu, tisa kwa wawili. Walioshikwa na kifua, kumi na mmoja kwa watatu. Siku kabla ya kurudi kazini, sitini na moja kwa thelathini na nne. Waliorudiwa na ngiri, wanne kwa wanne. Niliyanakili yote kwenye daftari, isipokuwa mstari wa mwisho wa ubao, ambao sikuunakili. Ukatuambia kwamba hesabu bado ni ndogo, na kwamba mkebe utaendelea mpaka Krismasi ndipo uwe na hakika.

Sibishani na chaki. Ninauliza tu, mstari wa kuku uko wapi? Waliolala waliletewa kuku wangapi, na walioinuka wangapi? Wangapi walipatana na ndugu zao? Wangapi walisamehewa na mama wakwe? Ulimpima kila mtu joto mara tatu kwa siku ukitumia kioo kilichotoka Uingereza, na hakuna siku uliyomuuliza mtu ni nani amekuja kumwona. Umeandika siku thelathini na nne kana kwamba kurudi mapema kwenye magunia ni zawadi. Mwenye ghala alifurahi, hilo ni kweli. Angekuwa amepasuliwa yeye ningeuheshimu ushahidi wake.

Kwa kuwa hukuuliza, nimeuliza mimi. Nimefanya utafiti wangu mdogo hapa Bondeni kwa watu kumi na wawili waliopitia wodi yako, sita kwa sita, bila mkebe na bila msaada wa misheni. Waliolala: kuku ishirini na watatu, mapatano manne, posa moja iliyokubaliwa. Walioinuka: kuku wawili, mmoja wao akiwa na ugonjwa wa kideri, mapatano hakuna, na mmoja, yaani mimi, akashitakiwa kanisani. Nimeihesabu mara mbili. Tofauti kubwa namna hii haiwezi kuwa ya bahati. Ningefurahi kama utaisoma kwenye mkutano wenu wa madaktari, na sitadai jina langu litajwe kwanza.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo.

Naomba cheti chenye muhuri kinachosema kwamba nilipasuliwa kweli, kwamba nilikuwa mahututi, na kwamba kicheko kilichoonekana kwenye tangi la maji tarehe kumi na saba Aprili kilisababishwa na dawa.

Naomba pia nirudishiwe siku zangu kumi na tatu za kulala, ambazo bado ziko kwenu. Niko tayari kuzichukua mwezi wa Novemba, magunia yanapozidi.

Na kwa kuwa naelewa kwamba hospitali haiwezi kumlaza mtu bila sababu, naomba nipasuliwe tena, upande wa kushoto. Najua upande huo hauna ngiri. Nimeuchunguza. Lakini wewe mwenyewe ulituambia kwamba aliyeipata upande mmoja anaweza siku moja kuipata upande wa pili, na mtu mwenye akili hangoji mvua ndipo aezeke. Safari hii bila mkebe: nilale siku kumi na nne, chali, macho nusu yamefumba, na Kiprugut apewe likizo. Barua ya kumwita Wamalwa iko tayari ndani ya droo. Kinachokosekana ni jeraha tu.

Ukikataa, nitalazimika kumwandikia Mganga Mkuu wa Mkoa, ambaye nasikia alipotolewa kidole tumbo alilala majuma mawili katika chumba chenye pazia, wala hakuna aliyemletea bahasha.

Nisalimie Bibi yako na watoto walio shuleni ng'ambo. Msalimie Sista, umwambie ile sukari nimesamehe. Msalimie mpishi, na paka wa jikoni, na wote waliomo wodini, waliolala kwa walioinuka. Kiprugut pia msalimie, ingawa hastahili. Mwambie kwamba mpaka leo kila asubuhi saa kumi na mbili natembea kutoka mlangoni kwangu mpaka bomba la maji na kurudi, kwa hasira tu. Nasimiyu anakusalimu sana, na anasema yeye hahusiki na nambari yoyote.

Ni mimi mgonjwa wako mtiifu, niliyesimama siku niliyopaswa kulala,

Zakaria Masinde.

Nyongeza, tarehe 12 Septemba.

Barua hii ilikuwa imefungwa inangoja stempu tu, jana ilipofika nyingine kutoka Kimilili, imeandikwa na mtoto wa kaka yangu. Wamalwa ana ngiri. Ni ya kulia, kama yangu. Ameificha ndani ya koti miaka miwili, na sasa hawezi kuinua jembe. Hospitali ya kule imempa barua ya kuja kwako, na atafika kwa treni ya Jumatatu. Chini kabisa, kwa mwandiko wake mwenyewe, ameuliza kama huyo daktari wangu anapasua kweli kweli. Ni maneno ya kwanza aliyoniandikia tangu 1952.

Bwana Daktari, futa yote niliyoandika hapo juu. Upande wangu wa kushoto uachwe ulivyo.

Kaka yangu ana miaka hamsini na mmoja, ni mnene, na anapenda kulala. Nakuomba usimletee ule mkebe. Mstari wa mwisho wa ubao niliuona. Waliokufa, mmoja kwa sifuri. Uliandika ukageuka upande ukipangusa chaki mikononi, na watu ukumbini hawakujua huyo mmoja ni nani. Mimi nilijua. Siku ya kumi na mbili, ile niliyosema nitaipita, damu iliyoganda katika mguu wa Omolo ilipanda kifuani. Alikuwa amemwomba Anyango maji, na Anyango aliporudi na kikombe hakukuwa na mtu wa kumpa. Nilitembea nyuma ya jeneza kutoka hospitali mpaka stesheni, maili mbili, bila kushikwa mkono na mtu.

Bahasha ile ilikuwa yangu. Nilimpa kwa adabu, kisha nikataka kuinunua tena kwa ratili ya sukari. Miezi hii mitano nimekukasirikia wewe, na Kiprugut, na Mama Rebeka, na uji, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Namwogopea kaka yangu.

Najua hesabu bado ni ndogo. Ikipungukiwa na mtu mmoja, niandike mimi mara mbili.

Basi mwinueni. Kesho yake baada ya kumpasua, saa kumi na mbili asubuhi, Kiprugut amshike kwapa la kushoto, na la kulia nitalishika mimi. Ruhusa ya ghala nimeiomba leo, safari hii mapema. Atanitukana kutoka kitandani mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, na mtu anayekutukana tayari anasema nawe. Akilia, Kiprugut aandike kwamba amelia.

Kuku nimeshampata, mweupe, yuko hapa chini ya meza amefungwa miguu. Desturi yetu inataka mmoja awe amelala. Lakini mimi nikifika pale langoni nikamkuta kaka yangu amesimama, sitageuka.

Z. M.